Lenzi Ndefu katika Chumba cha Mwari

Asalaam aleikum, akina mama. Wakubwa zangu, shikamooni. Mwenyekiti wa kikundi chetu amenitaka niwaeleze nilivyoanguka nikainuka. Nimemwambia kuanguka nakujua vizuri, hilo la kuinuka mtapima wenyewe. Majina ya watu sitayataja. Tanga ni ndogo, na wengine mawifi zao wamo humu humu.

Mnaikumbuka miaka ile viwanda vyetu vilipokuwa vinauzwa, vingine vinafungwa moja kwa moja. Mume wangu alikuwa fundi mitambo. Akapunguzwa kazi, akaja na kiinua mgongo chake, akawa anashinda barazani. Mimi ndiye niliyemwambia, "Baba watoto, tununue kamera. Watu wanaoa hata kazi zikiisha." Studio za picha za filamu zilikuwa zinakufa, kila mtu anataka picha za dijitali, na chumba anamopambwa mwari, mwanamume haingii. Mwanamke mwenye kamera ya namna hiyo mimi sikumjua hata mmoja. Nikaiona riziki yangu ile pale.

Tukavuka mpaka wa Horohoro hadi Mombasa. Muuzaji akaniuliza, "Mama, utapiga nje au ndani?" Sikujua kwa nini anauliza, na nikaona haya kusema sijui. Nilichokijua ni wale wapigapicha wanaume wanaosimama ng'ambo ya barabara bwana harusi akishuka garini, lenzi ndefu kama mchi, watu wanawapisha. Nikasema nataka kama ile. Kamera ilikuja na lenzi yake fupi, nikaidharau, nikaitia chini ya mkoba. Flashi nikataka yenye nguvu kuliko zote dukani. Ndugu zangu, nawaambia, nilinunua vifaa vya kumpiga mtu picha kutoka ng'ambo ya barabara, na kazi yangu yote ilikuwa ndani ya chumba cha kitanda kimoja.

Harusi yangu ya kwanza, chumba kimejaa wanawake, udi umefuka. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagota kabati, na bado ninachokiona ni pua ya bibi harusi na kipini chake. Nikibonyeza, flashi inamgonga usoni. Hina haionekani, macho mekundu, uso mweupe kama aliyepakwa unga. Niliona kwenye kioo cha kamera, lakini nikajidanganya kwamba zikisafishwa zitakaa sawa.

Shangazi yake aliniletea picha zile mwenyewe. Akazimwaga sakafuni kwangu. "Mwanetu umemgeuza maiti," akasema. "Sasa harusi tutairudia?" Nikainama kuziokota moja moja. Alisema kweli.

Mnaijua Tanga. Kabla ya wiki kwisha, hata jirani aliyeniahidi harusi ya binti yake alikuwa akiniona anavuka upande wa pili. Kiinua mgongo kilikuwa kimelala ndani ya mkoba ule. Tukaanza kula mara moja kwa siku, kisha siku nyingine uji mtupu. Mume wangu hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikuwa akitoka alfajiri kutafuta kibarua, anarudi, anautazama mkoba wa kamera, analala.

Ikabidi mabinti zangu wawili niwapeleke kijijini Moa kwa mama yangu, angalau huko kuna muhogo na samaki. Tulipofika, yule mdogo akanishika kanga. "Mama, tumekosa nini?" Nikamwambia hamjakosa kitu. Hakuniamini. Nilirudi peke yangu, nikakuta viatu vyao vya zamani mlangoni, nikashindwa kuviondoa. Siku moja nilikaa nimepakata kamera ile nikamwomba Mungu anichukue. Nayasema haya mbele yenu kwa sababu huenda humu yumo anayeomba hivyo leo.

Lenzi ndefu niliiuza kwa mpigapicha mmoja mwanamume, tukanunua unga na mafuta ya taa. Nikabaki na ile fupi niliyoidharau.

Shoga yangu mmoja ndiye aliyekuwa bado anaingia kwangu. Ndugu zake wa Pangani walikuwa wanamwoza binti yao, wakataka mpigapicha mwanamke. Akanitaja. Nikamwambia nitakuaibisha. Akanijibu, "Nishaaibika sana maishani, moja zaidi haitaniua. Vaa buibui twende."

Nyumba ya kale, dari la boriti nyeusi, dirisha moja nalo limefungwa. Ile lenzi fupi, nilipoiweka tu jichoni, chumba kizima kikaingia, mwari na mashoga zake wote. Nikapata moyo kidogo. Nikabonyeza, na flashi ikafanya uovu wake uleule. Mwari akatokwa machozi. Somo yake, yule mama aliyemfunda, akanigeukia.

"Wee, hilo litaa lako lishamtoa mwanangu wanja. Lielekeze kwengine, au utoke."

Pembeni wanawake wawili walikuwa wameshika shuka nyeupe kumsitiri mwari akivishwa. Kichwa cha flashi kinazunguka, nami sikuwahi kukizungusha tangu nikinunue. Nikakielekeza kwenye shuka ile ili tu nisifukuzwe, nikabonyeza nikijua itatoka giza. Nikatazama kioo. Mwanga ulikuwa umegonga shuka ukamrudia mwari taratibu, uso wake ukawa na rangi aliyopewa na Mungu, na hina ilionekana mpaka kwenye kucha. Nikakaa chini na kamera yangu.

"Una nini tena?" somo akauliza. Nikampa kamera. Akaitazama. "Huyu ndiye mwanangu," akasema, kisha akawaambia wale wawili, "Iinueni hiyo shuka vizuri, mwenzenu afanye kazi."

Toka hapo nikaitwa nyumba hii na ile. Polepole, akina mama, si kama muujiza. Ilipopatikana ya kula mchana na usiku, mume wangu mwenyewe alikwenda Moa kuwachukua watoto.

Namshukuru shoga yangu, yupo hapa, hataki nimtazame. Namshukuru somo yule, Mungu amrehemu. Namshukuru mume wangu kwa kutoniacha. Na ninyi ninawausia jambo moja: ukiulizwa usichokijua, sema sijui. Mimi nilimwonea haya muuzaji ambaye sikuwahi kumwona tena. Kwa haya ile, binti yangu mdogo siku aliyorudi kutoka Moa alisimama mlangoni pa nyumba alimozaliwa, akapiga hodi, akangoja aambiwe karibu.