Kifeni cha Katibu Muhtasari

Basi lilikuwa limepungua watu. Mbele yangu mama mmoja, katibu muhtasari, alikuwa amepakata boksi lenye kifeni cha USB, taa ndogo ya shingo ya kupinda na kisahani cha kupashia chai, vyote vya kuchomeka kwenye kompyuta. Aliyeketi kando yake, fundi wa kompyuta, alivikodolea macho kama daktari aliyeona dawa za mtaani.

"Samahani dada, vidude hivyo vinachosha mashine. Kwetu tumevipiga marufuku."

"Na kwetu pia, tangu leo asubuhi. Ndiyo maana navirudisha nyumbani."

"Ni kwa usalama."

"Najua, kaka. Ila meza yangu iko chumba kilichokuwa stoo. Dirisha nimeliomba miaka sita. Kifeni nilikipata kwa siku moja."

Fundi akakohoa kidogo, halafu akamshauri aandike barua nyingine.

"Barua zote za ofisi nachapa mimi," mama akasema taratibu. "Hata hiyo ya marufuku niliichapa mimi, huku kifeni kinanipepea."

Basi likasimama. Fundi akamshikia boksi ashuke, bado akizungumzia usalama, ila sasa kwa sauti ya chini.