Nani Atachora Chini ya Kioo Leo

Mbele ya duka la vifaa la Halvorsen mjini Torvik, Minnesota, pale majembe ya kuzolea theluji yanapopangwa hata theluji yenyewe haijafikiria kuja, kuna benchi la mbao ambalo lina wenyewe. Kushoto hukaa Duane, aitwaye Trekta, kwa sababu akishawaka hazimiki. Katikati hukaa Gordy, aitwaye Profesa; alifundisha watu kuendesha gari miaka thelathini, akastaafu, lakini kufundisha hajaacha mpaka leo. Kulia hukaa LaVonne, aitwaye Redio, na sababu utaijua mwenyewe ukimsalimia. Mwisho kabisa, nusu ya mwili ikiwa hewani, hukaa Arlys Tveit, ambaye hana jina la utani. Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, saa saba mchana, chama cha wachoraji hukutana kwenye ukumbi wa chini wa kanisa la Kilutheri, kumtazama mchoraji mgeni akichora picha nzima mbele ya macho yao. Arlys ndiye humtafuta huyo mgeni. Ndiye humpangia meza, na ndiye hufunga kioo kikubwa cha kujitazamia juu ya meza, kikainama, ili hata waliokaa nyuma wauone mkono unavyokwenda. Mwaka wa tisa huu. Jumanne hii, saa nne asubuhi, alifika kijiweni simu ikiwa bado mkononi.

— Amegonga kulungu, alisema Arlys.

— Nani? LaVonne akashtuka, akashtuka kwa furaha kidogo.

— Mchoraji wetu wa leo. Yeye mzima. Kulungu naye kanyanyuka kaenda zake. Gari ndilo liko mtaroni. Haji.

— Kulungu dume au jike? aliuliza Duane.

— Duane! Watu arobaini wanakuja saa saba. Nitawaonyesha nini?

Duane alifungua chupa yake kubwa ya kahawa, kwa kuwa pale kijiweni jambo zito halianzwi koo likiwa kavu.

— Profesa, kahawa?

— Aa, hapana. Nimekunywa nyumbani.

— Kidogo tu.

— Usijisumbue, bwana.

— Lete kikombe wewe!

— Haya basi, kama ipo.

Torvik ndivyo ilivyo. Ukikubali mara ya kwanza, una njaa. Ukikubali mara ya pili, una haraka. Mtu aliyelelewa hupokea mara ya tatu. Na kujipeleka mwenyewe bila kuombwa, hilo hata mbwa wa Torvik hawalifanyi. Hukaa mlangoni wakitazama pembeni mpaka waitwe.

Hapo ndipo Arlys alipokuwa amekwama. Jibu alikuwa nalo tangu simu ilipokatika. Nyumbani kwake, chini, nyuma ya mashine ya kufulia, kulikuwa na picha mia mbili na kitu za rangi za maji, zote za mkono wake: maziwa, maghala, mawingu, uzio wa jirani. Alichora kila siku alfajiri, kabla mji haujaamka. Alitaka kukaa chini ya kile kioo hata mara moja tu, aone mkono wake pale juu. Alitaka mpaka ikamuuma. Lakini kwa miaka tisa hakuna aliyemwomba, na yeye angeanzaje kusema?

— Labda, alisema Arlys akiitazama barabara, safari hii tungetafuta mtu wa hapahapa.

— Wa hapahapa nani? Gordy akaruka. Mzee Einar? Macho hayaoni tena, mwezi uliopita alimsalimia mlingoti. Daktari wa meno? Yule anachora meno tu. Hakuna mtu hapa, Arlys.

Iliuma. Arlys akakaa sawasawa kwenye ile nusu yake ya benchi, akakunja mikono.

— Halafu mchoraji wa nini? Gordy akaendelea, ameshashika kasi. Mimi nimekaa kiti cha mbele miaka kumi na moja, nimewachunguza. Wale watu hawachori pale.

— Ila wanafanya nini, wanapika? aliuliza LaVonne.

— Picha imeshachorwa kwao, kwa maji ya limau. Haionekani. Akifika hapa anapitisha brashi juu juu, anapiga porojo, kisha anatoa ile mashine ya kukaushia nywele. Vuuu! Joto! Limau linataka nini? Joto. Ghala linajitokeza lenyewe, sisi tunapiga makofi.

— Profesa, huo uongo hata wewe umekushinda kuumeza, alisema Duane. Siri ni kioo. Tazama: kwenye kioo mkono wa kulia unakuwa wa kushoto. Sivyo? Basi na makosa yanageuka. Mti uliopinda unanyooka. Siku moja nilimsaidia Arlys kukibeba, nikajiona humo ndani. Nilikuwa mzuri, jamani. Nilikuwa na shingo.

— Basi tumejua kioo kinadanganya, alisema LaVonne. Ninyi wanaume hamna macho. Ni maji. Mmewahi kumwona mgeni akichota maji kwenye bomba letu? Kila mmoja na chupa yake! Yule mama wa Duluth alikuja na maji ya ziwani. Niliyanusa.

— Uliyanusa?

— Nikayaonja. Alipogeuka kuonyesha brashi. Nikarudi nyumbani nikachora ghala lilelile, hatua kwa hatua kama alivyosema, likatoka kama ng'ombe aliyekaa kitako. Kwa nini? Maji ya bomba.

— Ulionja maji ya brashi, Redio? Duane alicheka mpaka kofia ikamteremka usoni. Ndiyo maana wiki ile ulikuwa na ulimi wa kijani!

— Nilikuwa nimekula pipi.

— Sasa nisikilizeni, Duane akainama, akashusha sauti ingawa barabara nzima ilikuwa tupu. Wale huja wawili. Pacha. Mmoja anakaa juu anaongea, anachekesha, anaulizia nani kaoka keki. Mwingine yuko chini ya meza, anachora. Kwa nini meza inafunikwa kitambaa mpaka sakafuni? Nijibuni!

— Kitambaa nakiweka mimi, alisema Arlys. Kuna mguu wa meza umevunjika, nimeuegemeza matofali.

— Hivyo ndivyo walivyokwambia useme.

Arlys akacheka, ingawa hakutaka. Ndiyo shida ya lile benchi, huwezi kuwakasirikia wale watu mpaka mwisho. Lakini saa ya kanisa ikagonga nne na nusu.

— Sawa, alisema. Limau, maji, pacha, nimesikia. Leo tunafanya nini?

— Nitawahutubia, alisema Gordy. Saa nzima. Nitasema ningechora nini kama ningechora.

— Watalala.

— Watalala wakiwa wameelimika.

— Mimi nina msumeno wangu wa injini, alisema Duane. Hapana, subirini, msicheke! Nautia makali palepale mezani, chini ya kioo, jino kwa jino. Kila mtu anaona. Mmeshawahi kuona jino la msumeno kwa karibu? Linapendeza kuliko ghala.

— Hilo wazo si baya, alisema LaVonne.

— Wazo zuri kabisa, alisema Gordy.

Arlys aliwatazama mmoja mmoja. Hawakuwa wakitania. Miaka tisa ya kufunga na kufungua kile kioo, na leo chini yake unakwenda kuketi msumeno! Akafungua kinywa, akakifunga tena, kwa sababu kila neno lililomjia lilianza na "mimi".

Wakati huohuo mlango wa duka ukafunguka, akatoka mwanamke aliyebeba jembe la theluji kwa kulishika kichwa chini, kama mtu anayeliona kwa mara ya kwanza. Alikuwa Yesenia, aliyehamia nyumba ya bluu wiki mbili zilizopita kutoka Texas. LaVonne alishajua hata rangi ya mapazia yake.

— Habari za asubuhi, mama! Duane akainua chupa. Kahawa?

— Ndiyo, asante sana, alisema Yesenia.

Mkono wa Duane ukabaki hewani. Alikuwa amejiandaa kwa safari ndefu na mlango umefunguka kwenye hatua ya kwanza. Akamimina polepole, akimtazama mgeni kwa hofu na heshima. Yesenia akanywa, akashusha pumzi.

— Tamu. Mbona mmekaa kama mko msibani?

Redio hakusubiri kuwashwa. Akampa habari yote: kulungu, mtaro, kioo, maji ya Duluth, ng'ombe aliyekaa kitako, watu arobaini, msumeno. Yesenia akasikiliza, kikombe mikononi. Macho yake yakapita kwa Trekta, kwa Profesa, kwa Redio, yakamfikia Arlys, yakashuka mpaka kwenye vidole vyake. Kucha tatu za mkono wa kulia zilikuwa na bluu iliyogoma kutoka kwa sabuni.

— Kwani huyu mama, aliuliza Yesenia, yeye hachori?

Gordy akafungua kinywa apate kufundisha, hakupata la kufundisha. Duane akakuna kichwa juu ya kofia. LaVonne, ambaye alijua nani mjini ana mawe kwenye figo na nani anasema anayo tu, akatazama viatu vyake.

— Arlys, LaVonne akasema hatimaye, sauti ndogo ambayo hawakujua kama anayo. Wewe unachora?

— Kidogo tu, alisema Arlys. Si kitu.

Mtu wa Torvik akikwambia ameumia kidogo, piga simu gari la wagonjwa lije. Wote watatu wakageuka kumtazama.

— Basi tuchoree leo! alisema Gordy.

— Mimi? Aa, hapana jamani.

Ulimi ulishasema kabla yeye hajajua. Moja.

— Kweli, shoga, alisema LaVonne, akamshika goti. Tuchoree. Si unawajua hata wanavyopenda viti vipangwe?

— Msijisumbue. Mtafuteni mwingine tu.

Mbili. Arlys akavuta pumzi, akairekebisha skafu, akamgeukia Duane kwa upole wote aliokuwa nao. Zamu ilikuwa yake. Duane akafungua kinywa. Kisha akaitikisa chupa, akachungulia ndani, akaigeuza kichwa chini. Tone moja likadondoka kwenye kiatu chake.

— Kahawa imekwisha, alisema.

Na kahawa ikiisha, kijiwe kimefungwa. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Gordy akasimama, akajinyoosha mgongo. LaVonne akatafuta mkoba. Duane akakaza kifuniko cha chupa.

— Haya, amekataa, na mtu halazimishwi. Ngoja nikauchukue ule msumeno.

Hatua tatu alikuwa ameshakwenda. Arlys akaona miaka mingine tisa ikienda naye, imevaa kofia.

— Duane!

— Naam?

— Rudi hapa. Niombe tena.

— Eti nini?

— Nimekataa mara mbili. Imebaki moja. Niombe!

LaVonne akaziba mdomo kwa mikono miwili. Hiyo habari ingemtosha mpaka barafu iyeyuke. Gordy akakaa tena bila kukusudia. Yesenia peke yake ndiye hakuona ajabu yoyote, akaendelea kunywa kahawa yake ya mwisho ya siku. Uso wa Arlys ulikuwa mwekundu kama rangi ya maghala ya Torvik, lakini macho hakuyainamisha.

Duane alirudi zile hatua tatu. Akavua kofia, na Arlys hakukumbuka lini aliona kipara chake mara ya mwisho.

— Arlys Tveit, alisema, utatuchorea leo saa saba?

Arlys akatazama pembeni kwanza, kwa adabu.

— Haya basi, alisema. Kama mmeng'ang'ania.

Yesenia akapiga makofi. LaVonne akamkumbatia mpaka miwani ikapinda.

— Lakini vifaa? Gordy akaingiwa na wasiwasi. Rangi, brashi, karatasi! Itabidi uende mpaka nyumbani, na saa hizi...

Arlys alikuwa ameshafika kwenye gari lake, lililoegeshwa palepale mbele ya benchi. Akafungua buti, akaondoa blanketi la kukalia ziwani. Chini yake kulikuwa na kisanduku cha rangi, brashi zimefungwa kwa kitambaa safi, karatasi kwenye bahasha yake, na chupa ya maji.

— Hivi vimo humu tangu lini? aliuliza Duane.

— Tangu Jumanne yangu ya kwanza, miaka tisa iliyopita, alisema Arlys. Huwa navitoa jioni nikirudi kutoka mkutanoni, mwezi ukianza navirudisha.

LaVonne alikuwa ameshaiokota ile chupa ya maji, anaigeuza kwenye mwanga.

— Ya wapi haya?

— Ya bomba, LaVonne.

LaVonne akairudisha taratibu mahali pake. Arlys akafunga buti, kisha akasimama ghafla, mkono bado juu ya chuma.

— Ngoja. Mimi nikiwa nimekaa mezani, kioo atafunga nani?

— Mimi! walisema Trekta, Profesa na Redio kwa pamoja, na hakuna aliyekuwa amewaomba hata mara moja.