Ndege ya Onno Iligeukia Mashariki

Benchi letu liko nyuma ya tuta la kuzuia bahari, pale majani yanapokatwa mafupi ili ndege zetu ndogo za rimoti zipate pa kutua, na kondoo wa jirani yetu Focko wanatutazama kwa dharau. Zamani, Jumamosi kama hii ungekuta watu wamejaa, rimoti shingoni, huyu anabishania betri, yule anachomelea waya kwenye meza ya plastiki. Leo tuko wanne, na hakuna aliyekuja na ndege. Hii ni wiki ya tatu tunatembea mashambani tukichungulia mitaro na mahindi, tunaitafuta ndege ya Onno. Magoti yamevimba, viatu vimelowa, na kilichobaki na nguvu ni midomo peke yake. Mimi ni Tomma. Wananiita Birika, kwa sababu chupa za chai ni zangu. Huku kwetu kijiwe hakiendi kwa kahawa. Ni chai nyeusi, donge la sukari chini, malai juu, na ole wako ukoroge. Vikombe vitatu ndiyo sheria. Ukitumbukiza kijiko kikombeni umesema basi, inatosha. Usipokitumbukiza, nitakumiminia mpaka kesho.

Kulia kwangu ameketi Harm, tunamwita Redio kwa kuwa hana swichi ya kuzima. Kushoto ni Weert, Fundi Waya, aliyekitengeneza kwa mikono yake kifaa cha kuongoza njia kilichokuwa tumboni mwa ndege hiyo. Onno mwenyewe yuko mwisho wa benchi, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Ndege ilikuwa ya mabawa marefu, na yale mabawa yalivishwa ngozi ya plastiki ya njano, ile inayogandishwa kwa pasi, na marehemu mkewe, Gesche, majira ya baridi ya mwisho aliyokuwa bado na nguvu za kushika pasi. Onno ameshatuambia: isipopatikana leo, anagawa kila kitu na hapa hatumwoni tena. Namfahamu, hatanii. Na akiondoka yeye, sisi watatu tutakuwa tunakuja kuwaangalia kondoo.

Redio: Mimi nasema na narudia. Ni tai. Yule tai wa bahari anayekaa kwenye nguzo ya Focko. Kaona kitu cha njano kinapita kwa maringo, kadhani mchumba.

Fundi: Tai gani anaoa mbao?

Redio: Kipenda roho hula nyama mbichi, bwana.

Fundi: Harm, nimechoka. Tai hakati mawasiliano. Rimoti ilipoteza ndege kwanza, ndipo ndege ikageuka. Sote tulikuwepo.

Kweli tulikuwepo. Ilikuwa inazunguka juu ya tuta, inapanda na upepo bila hata kuwasha mota. Ukungu ukaingia kutoka baharini, Onno akasema, "Siipati." Ndege ikayumba kidogo, ikapinda, halafu ikanyooka kuelekea mashariki juu ya mnara wa kanisa, kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka. Ukungu ukaimeza.

Redio: Haya, tai nimemwachia. Basi ni ile mitambo ya upepo. Ile mipya, mirefu. Inavuta ile. Nimesoma.

Mimi: Umesoma wapi?

Redio: Mahali. Birika usinihoji kama polisi.

Fundi: Mitambo iko magharibi. Ndege imeenda mashariki. Inavutaje?

Redio: Basi imesukuma! Kwani panga haligeuki? Haba na haba hujaza kibaba.

Mimi: Hiyo methali inaingiaje hapo?

Redio: Upepo, Tomma. Haba ya huku, haba ya kule. Niongezee chai.

Nikammiminia. Sukari ikalia ndani ya kikombe, ile sauti ndogo ya kupasuka ambayo huwa inanituliza moyo. Leo haikunituliza.

Fundi: Mimi nimepiga hesabu. Kwa betri ile na upepo wa siku ile, haiwezi kuwa imepita Osterwarf, pale mashariki. Iko humu humu. Tumegawana pande zote, tumepita zote.

Mimi: Upande wa Osterwarf aliupita nani?

Onno: Mimi.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo tangu tukae.

Mimi: Wote?

Onno: Hakuna kitu kule.

Redio: Si mmesikia? Hakuna kitu. Basi nawaambia la ukweli, na lisitoke kwenye benchi hili. Ni manowari. Zile za kijeshi huko nje. Zinazivuruga setilaiti vichwa, kifaa kinadhani mashariki ni magharibi. Saa hizi ndege ya watu iko Poland inajifunza lugha.

Fundi: Na betri?

Redio: Imechajiwa na wasamaria wema.

Fundi: Kifaa changu hakivurugwi. Mawasiliano yakikatika, kinairudisha ndege nyumbani. Hiyo ndiyo kazi yake, hakina nyingine.

Redio: Nyumbani si ndo hapa, kwenye benchi? Umeiona?

Fundi: Sijaiona.

Redio: Basi kimekosea.

Fundi: Hakikosei.

Redio: Weert, ndugu yangu, asiyekubali kushindwa si mshindani. Kubali tu. Ulikosea waya mmoja, imekwisha, tunakusamehe.

Fundi akavua miwani akaifuta kwa shati, akaifuta tena. Tangu ndege ipotee amekifungua kifaa cha akiba, pacha wa kile kilichopotea, na kukifunga tena sijui mara ngapi, anatafuta kosa lake. Hajaliona, na ndilo linalomtafuna. Nilimwonea huruma, nikamkasirikia na Redio, lakini hata hasira inataka nguvu.

Redio: Au ni Focko. Kikulacho ki nguoni mwako. Kaiokota, kaificha zizini.

Mimi: Focko kalazwa, mgongo. Wiki tatu.

Redio: Aa. Basi ni kondoo.

Hapo ndipo alipokuja yule mama aliyehamia nyumba ya zamani ya pampu ya maji, Roswitha, mtu wa kusini, wa milimani huko, na mbwa wake mfupi wa kuburuta tumbo.

"Moin," tukamwambia, maana huku hiyo ndiyo salamu ya asubuhi, ya mchana na ya msibani.

"Habari zenu," akasema. "Kila siku nawaona mnapita nyuma ya nyumba yangu mnachungulia mitaroni. Nikasema leo niulize."

Redio: Karibu, mama, karibu! Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mimi: Apone nini? Kaja mikono mitupu.

Redio: Mpe chai, acha uchoyo.

Nikampa. Akashukuru, akachukua kijiko, akakoroga. Akakoroga kabisa, kwa bidii, mpaka malai yote yakapotea.

Redio: Mamaaa! Amekoroga!

Fundi: Mwache, hajui.

Redio: Hajui vipi? Ana macho!

Roswitha akacheka, akaacha kijiko kimo kikombeni. Nami, mkono umeshazoea, nikamchukulia kikombe.

Roswitha: We dada, mbona unaninyang'anya? Hata sijaonja!

Mimi: Umetumbukiza kijiko. Ukishatumbukiza umesema basi.

Roswitha: Sijasema chochote mimi.

Mimi: Kijiko kimesema.

Akakitoa kijiko, akakiweka kwenye kisahani kwa adabu, nikamrudishia chai yake. Hata Fundi alitabasamu. Onno hakutabasamu.

Roswitha: Haya, mmepoteza nini?

Redio akamhadithia yote: mabawa ya njano, ukungu, tai, manowari, mpaka Poland. Yule mama alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo sisi hatujaliweza miaka yote.

Roswitha: Na hicho kifaa kinajuaje nyumbani ni wapi?

Fundi: Kina kitufe. Unasimama pale unapotaka ndege irudi, unabonyeza, taa ya kijani inawaka. Kimeshashika. Hata ukitoa betri hakisahau, mpaka ubonyeze mahali pengine. Nilikifanya hivyo makusudi, maana sisi ndio tunaosahau.

Roswitha: Na mara ya mwisho kilibonyezwa wapi?

Redio alifungua mdomo. Nilimwona akiufungua, kisha akaufunga. Hilo sikuwahi kuliona.

Fundi: Hapa. Si... Onno? Ulikibonyeza hapa, sivyo?

Onno alikuwa anazungusha kikombe chake juu ya goti.

Fundi: Onno. Kila siku si uliniambia tayari, tayari?

Onno: Kilikuwa tayari.

Redio: Tayari wapi, bwana?

Onno: Osterwarf.

Osterwarf hakuna kitu cha mtu kwenda kufanya isipokuwa ile nyumba ya matofali mekundu ukingoni mwa mfereji, wanakolazwa wagonjwa wanaosubiri siku yao. Gesche alikaa kule kuanzia majani yalipoanza kuchipua hadi yalipoanza kupukutika, na mimi, rafiki yake, nilikwenda mara chache kuliko ilivyonipasa.

Onno: Alitaka aione imekamilika. Nikaibeba. Manesi wakafungua dirisha lote ili bawa lipite. Akaniuliza, hicho kidude cha Weert kinafanya nini? Nikamwambia, ukibonyeza hapa, popote itakapokuwa, ikipotea itakuja hapa. Akabonyeza mwenyewe. Taa ikawaka. Akacheka, akaniambia, basi vizuri.

Mbwa wa Roswitha akalala juu ya kiatu cha Onno.

Onno: Sikukibonyeza tena. Ningebonyeza hapa, chake kingefutika. Nikasema nitaruka karibu karibu tu, nisiipoteze. Nani angejua?

Fundi: Kwa hiyo hakikukosea.

Onno: Hakikukosea, Weert. Kilifanya kazi yake. Nisamehe.

Fundi akaivaa miwani yake. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakujishughulisha kuyafuta.

Redio: Ngoja kwanza. Onno. Ngoja. Ilipogeuka tu, ulijua?

Onno: Nilijua.

Redio: Na magoti yangu? Wiki tatu nimeingia kila mtaro wa nchi hii! Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nimeinama mpaka mgongo umekataa kunyooka, na wewe unajua!

Onno: Kila asubuhi najiambia leo nitakwenda mwenyewe, niilete, niwaambie niliikuta shambani. Nafika kwenye daraja la mfereji, naliona lile paa. Nasimama. Halafu narudi, nakuta mmeshavaa viatu vya mpira mnanisubiri, naona aibu kusema. Natembea nanyi.

Nilitaka kumgombeza. Wiki tatu za tope, na Fundi akijila mwenyewe kwa kosa ambalo halikuwa lake. Lakini mimi pia nililijua lile daraja. Mara ngapi niligeuza gari pale, nikajiambia Gesche atakuwa amelala?

Roswitha alitutazama mmoja mmoja. Si mtu wa huku, hakujua kwamba kuna mambo tunayapita kwa mbali.

Roswitha: Sasa mbona mmekaa?

Redio alitazama kondoo. Fundi alitazama mikono yake. Mimi, kwa kukosa la kufanya, niliinua chupa nimmiminie Onno kikombe cha tatu.

Onno akachukua kijiko kwenye kisahani, akakitumbukiza ndani ya kikombe.

Alikuwa amekunywa viwili tu. Miaka yote nimemmiminia mtu huyu, kwenye baridi, kwenye mvua, hata siku tuliyomzika Gesche, na hajawahi kukataa cha tatu. Redio akakiangalia kikombe chake, kimejaa, malai bado hayajatulia. Akatumbukiza kijiko. Fundi naye akatumbukiza chake. Roswitha akatutazama, akakirudisha chake kikombeni taratibu, na safari hii hakukosea. Nikafunga chupa. Chai ilikuwa imebaki zaidi ya nusu, jambo ambalo halijawahi kutokea kwenye benchi hili.

Redio: Nani anaendesha?

Onno alisimama, akaiinua kofia kutoka machoni, akatafuta funguo mfukoni.

Onno: Naendesha mimi. Nyinyi kazi yenu ni moja tu. Msiniache nisimame darajani.