Mteremko Usio na Rangi

Ngumm! Mara moja tu, usiku wa kuamkia Jumamosi, sauti nzito kama mtu ameangusha gunia la viazi ghorofa ya juu. Nilikaa kitandani nikingoja ya pili, haikuja. Asubuhi niligundua kwamba kijiji kizima kilikuwa kimekaa kitandani kikingoja, maana duka la ushirika lilikuwa halijafunguliwa, na benchi la ukuta wa kusini, pale jua la Aprili linapofika kwanza, lilishapata watu. Rada, nahodha mstaafu wa kivuko, ambaye jina lake halisi ni Bjørnar, alikuwa na simu mkononi, miwani moja puani na nyingine utosini. Mama Goti alinyoosha juani mguu wake unaotabiri hali ya hewa. Na mwisho wa benchi, mzee Ansgar. Tulimwita Redio enzi zile alipoongea kuanzia kahawa ya kwanza hadi duka lifungwe. Jina limebaki, lakini redio imezimwa tangu theluji ilipomfunika mwanawe, huko mlimani. Jina la yule kijana hatulitaji mbele yake. Hakuna aliyetukataza, ulimi wenyewe ulijifunza.

— Mlima umeguna, alisema Mama Goti akimimina kahawa kutoka kwenye chupa yake. Goti liliniamsha kabla.

— Goti lako liliniambia nitoe mashua wiki iliyopita, nikala theluji, alijibu Rada. Tazama hapa. Utabiri wa maporomoko ya theluji: manjano. Hatari ya wastani. Manjano haiguni, mama.

— Nani kaipaka hiyo manjano?

— Wataalamu. Mjini.

— Huku walikuja lini?

— Waje wafanye nini? Wana vipimo vya upepo, wana setilaiti.

— Setilaiti yao naijua. Inaanzia Uswidi, inapiga picha wee, ikifika kwetu imechoka. Hiyo theluji kwenye simu yako ni ya Waswidi.

— Acha kamba!

— Basi niambie, nahodha. Ile sauti ilikuwa nini?

Rada alishusha miwani ya utosini, akakuta puani pameshajaa.

— Ndege za jeshi.

— Ndege hupiga kelele moja halafu zinaegesha angani?

— Basi nyangumi. Kagonga gati.

— Nyangumi! Wewe Bjørnar umeligonga gati lile maisha yako yote na kivuko kizima, na hakuna aliyewahi kuruka kitandani.

— Mimi nililigonga kwa upole.

Nikaona niingie. Niliwaambia kwamba jana nilipanda kidogo nikachimba shimo kwenye theluji.

— Shimo la nini? Umepoteza mbwa? aliuliza Rada.

— Nilitaka kuona tabaka. Upepo umerundika theluji mpya upande wa fjordi, huku unakoingia mkono wa bahari, ngumu kama ubao. Chini yake kuna chembechembe kama sukari. Ubao umekalia sukari, mzee.

— Na nani kaiweka hiyo sukari? Mama Goti aliinua kidole. Mnara wa simu! Unatoa joto, unapika theluji kwa chini. Kila mkifungua ramani zenu, mlima unapata homa.

— Basi zima simu yako.

— Sina.

Tulicheka, hata mimi. Ansgar alipuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

Ndipo akaja dada mmoja mwenye koti la buluu, kutoka kwenye gari lililoegeshwa kando ya barabara. Nyuma yake, kijana aliyefanana naye alikuwa akibandika ngozi za kupandia mlima chini ya skii, zile mbao za kutelezea theluji, akipiga mluzi.

— Habari za asubuhi. Samahanini, hapa panaitwaje?

Akatuonyesha simu. Ramani ilikuwa imepakwa rangi kufuata ukali wa miteremko: manjano, chungwa, nyekundu. Katikati, pale kidole chake kilipoelekeza, palikuwa na doa jeupe, kama maziwa yamemwagika.

— Tutapumzika hapa na mdogo wangu, tule mkate. Mama yetu yuko Bergen, hatulii asipojua tulipo. Nimemwandikia njia yote, ila hapa ramani haijaandika jina.

Rada alivua miwani zote mbili. Mama Goti alimimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa, ikamwagikia vidoleni. Mimi niliangalia viatu vyangu. Jina la mahali pale tunalijua sote, tulipapa baada ya theluji ile. Tunalitumia gatini, tunalitumia tukikata kuni. Ni kwenye benchi hili tu ambapo mahali hapo hapana jina.

— Hapana jina, alisema Rada.

— Babu, kila mahali hapa kwenu pana jina. Hata mawe.

— Andika chini ya genge la mwamba, alisema Mama Goti.

— Sawa. Lakini pako salama, eti? Ni peupe. Kule tulikolala wamebandika ukutani: Shika nyeupe, utarudi.

Maneno hayo yalikuwa yetu. Tulipopata ramani za rangi tulifurahi sana, tukawafundisha wageni, tukawafundisha watoto wetu: rangi ni hatari, nyeupe ni nyumbani.

— Dada, leo msipande, nilisema.

— Utabiri ni manjano. Na mdogo wangu kesho anarudi jeshini. Tumesafiri mbali kwa ajili ya leo.

Akaanza kugeuka. Ansgar akaweka kikombe chini.

— Binti. Kaa.

Hatukuwa tumeisikia sauti ile kwa muda mrefu, hata Mama Goti akashtuka. Dada aliketi. Mzee akaichukua simu, akaweka kidole kinene juu ya lile doa.

— Rangi inakuambia ukali wa mteremko unaoukanyaga. Haikuambii kilicho juu yako. Ona hii nyekundu hapa juu. Upepo ukishaijaza theluji, haingoji uifuate. Unakanyaga huku chini, kule juu panakatika. Inashuka. Na ikifika hapa, kwa sababu ni tambarare, inasimama. Yote. Sauti ya usiku ilikuwa hiyo, imeguna tu, haijashuka bado.

— Umejuaje, mzee?

— Niliandikiwa ujumbe. Baba, tuko kwenye nyeupe, tunakula, usihangaike. Nikafurahi. Nikaweka simu chini, nikaendelea kupasua kuni.

Kule garini kijana alipiga honi, akainua skii zake kumwonyesha dada yake kwamba yuko tayari. Dada hakugeuka. Alikuwa ameziba mdomo kwa glavu.

— Nenda kamwambie abandue zile ngozi za skii, alisema Ansgar. Na mama yenu mwandikieni kwamba mnakunywa kahawa na wazee.

— Nitamwandikia.

— Ulimwuliza Bjørnar jina. Analijua. Wote hawa wanalijua, wakiniona tu wanalimeza na kahawa. Wanadhani sisikii.

Alitutazama mmoja mmoja, bila hasira. Akabana mikono katikati ya magoti.

— Panaitwa kwa Eskil.