Nta kwenye Skii za Solange

DELFINA: (kwaru… kwaru…) Haloo? Ni nani kabla hata kahawa haijachemka?

SOLANGE: Ni mimi, Bibi. Solange. Shikamoo.

DELFINA: Marahaba, mke mwenzangu. Umeamka mapema hivyo huko hotelini?

SOLANGE: Sijalala. Hiyo kwaru kwaru ni nini?

DELFINA: Mume wetu huyo. Yuko jikoni anakwangua nta kwenye skii zako, ziteleze vizuri kwenye theluji. Akikwangua mara mbili, anapumzika avute pumzi. Namwambia daktari amemkataza, ananijibu daktari hajawahi kupanda mlima.

SOLANGE: Mwambie aache.

DELFINA: Mwambie wewe. Anataka uzikute tayari kwa mbio za dunia. Jana kutwa nzima kaniuliza kama timu ya taifa imetangazwa. Solange? Mtandao wa bonde hili—

SOLANGE: Nipo. Bibi, sikuchaguliwa.

DELFINA: Umeumia?

SOLANGE: Hapana. Kwenye mchujo wa jana nilikuwa wa pili, nimeshamaliza kupanda, nateremka kasi. Mbele yangu akatokea mbuzi mwitu jike, theluji inamfika kifuani. Nika—

DELFINA: Ukasimama.

SOLANGE: Miguu ilisimama yenyewe. Wenzangu wanne wakanipita. Kocha akaniuliza kama nina akili timamu. Ningemjibu nini? Kwamba tangu utotoni nilimfuata Babu kwenye doria zake za hifadhi ya wanyama? Kwamba tulikuwa tunasimama tuli mpaka mnyama apite, kwa sababu majike wana mimba, na ukiwakimbiza kwenye baridi wanamaliza mafuta yao kabla majani hayajaota?

DELFINA: Na huko huko ndiko ulikopata mapafu hayo. Hifadhini hakuna mashine ya kumpandisha mtu mlimani, ni miguu tu—

SOLANGE: Najua, Bibi. Kila nilicho nacho kanipa yeye. Na hicho hicho alichonipa ndicho kimeninyima nafasi. Nilitaka anione na koti la taifa. Mwaka huu. Siyo mwaka mwingine.

DELFINA: Najua, mwanangu.

SOLANGE: Usimwambie. Sema bado hawajatangaza.

DELFINA: Masikio yangu haya, unajua… simu naiweka sauti ya juu, jiko zima linasikia.

SOLANGE: Mbona hakwangui tena?

DELFINA: Ameweka skii mezani. Ngoja, anataka kuuliza, pumzi haimtoshi… Anauliza, huyo jike alivuka?

SOLANGE: Alivuka. Aliingia kwenye miti polepole. Hakukimbia.

DELFINA: Hakukimbia, Anselmo. Anajifuta macho kwa kitambaa cha nta, mzee huyu. Sasa uso wote unang'aa.

SOLANGE: Amenikasirikia?

DELFINA: (kwaru… kwaru…) Sikiliza mwenyewe.

SOLANGE: Anakwangua za nini tena, Bibi?

DELFINA: Anasema ni za mwakani.

SOLANGE: (anapenga kamasi)

DELFINA: Unalia?

SOLANGE: Hapana.

DELFINA: Hata mimi silii. Mara ya mwisho ulipokuja, ulikunywa supu umesimama, gari la timu linapiga honi nje. Babu yako alikukatia kipande kikubwa cha jibini, hukukiona. Nimekifunga kwenye kitambaa, kipo.

SOLANGE: Bibi, chaji inaisha, mwambie Babu kwamba—

DELFINA: Sasa hakuna gari la kukuharakisha. Njoo ukae kitako, akuangalie. Solange? Haloo? Njoo tena, mwanangu. Njoo tena, theluji ikiwa bado ipo.