Malkia Mweupe Mfukoni

"Mungu moja, maman, hii iko kweli tupu. Kama nabeya uongo, ziwa linimeze!" Muzee Zagabe, mstaafu wa posta, alimwapia mama aliyeketi kando yake katika boti ya kutoka Idjwi kwenda Bukavu. Abiria wengine wakajisogeza mbali naye. Maji yalikuwa karibu mno.

Ilikuwa 1996, alisema, fainali ya sataranji. Alicheza kinga ya Sisilia, ile ya kumwachia adui mlango wazi ili umvunjie ndani. "Guylain alilia! Dame yake, ule malkia mweupe, nilikula!"

"Guylain iko bwana yangu," mama akasema polepole. "Ile mchezo haikuisha, papa. Masasi ya bunduki ililia, mukakimbia wote, na dame ikapotea. Sasa tuko Kamanyola. Kila dimanche, kisha misa, anapanga ubao, na pa dame anaweka kifuniko ya chupa. Anasema atamaliza na Zagabe tu."

Injini ilipozimwa gatini, Zagabe alitoa mfukoni malkia mweupe, aliyelainika kwa kupapaswa miaka mitatu tangu fainali ile, akamweka kiganjani mwa mama.

"Bwana yako alikuwa ananishinda," alisema. "Niliiba ili anitafute."