Benchi la Doña Amparo

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi ya ushauri wa wanafunzi, Doña Amparo Zaldívar, kama tunavyomwita kwa heshima, anastaafu tarehe 30 Juni. Anaacha chumba karibu na lango la kusini, birika la kahawa ya mdalasini, na benchi la mbao ambalo tangu Aprili limekuwa ajenda ya vikao: baada yake libaki, au liondolewe?

Wafanyakazi wapya wameuliza kwa nini benchi lijadiliwe hivyo. Historia yake ni hii.

Doña Amparo alizaliwa Michoacán, ng'ambo ya mpaka wa kusini, akaletwa katika bonde hili akiwa mdogo, akakulia kwenye mashamba ya zabibu. Alisoma hapa hapa Chuo cha Jamii cha Valle Hondo kwa miaka miwili, akaenda kumalizia chuo kikuu, akarudi kuajiriwa. Utaratibu wa wakati huo ulikuwa wazi: mwanafunzi ni mtu mzima, anaingia kwa mshauri peke yake, anakalia kiti kimoja kilichopo, anaondoka. Wazazi walisubiri kwenye magari. Doña Amparo aliufuata utaratibu huo kama sisi wengine. Wanafunzi walikubali kila walichoambiwa, wakaaga kwa adabu, na wengi hawakuonekana tena. Vikaoni tuliliita jambo hilo upungufu wa ari.

Hata jioni ya wazazi iliwahi kuandaliwa, kwa vipeperushi vya Kihispania na ukumbi uliojaa viti. Waandaaji waliiweka tarehe 12 Desemba. Bonde zima lilikuwa kanisani kwa sikukuu ya Mama wa Guadalupe, na walimu wakabaki wakila keki peke yao. Doña Amparo, aliyekuwa likizo ya uzazi tarehe ilipopangwa, alicheka mpaka akashika ukuta. "Kama hamkutaka kunisumbua mimi," alisema, "mngemuuliza hata muuza maua wa kanisani!"

Katika mwaka wa sita wa Doña Amparo kazini, Nereida Covarrubias, mwanafunzi wa biolojia, alipata nafasi katika chuo kikuu cha pwani, mwendo wa saa tano kwa gari. Doña Amparo alimwambia aamue mwenyewe, naye akasema atakwenda. Siku mbili kabla ya muda wa kuthibitisha kwisha, alirudi kuikataa nafasi. Baba yake hakutaka. Doña Amparo alitazama dirishani, akaiona familia yote ndani ya gari, na baba kwenye usukani, kofia imemfunika macho. Akatoka.

"Don Fidencio, mbona mnajianika juani? Ingieni ndani."

"Binti kasema wanaingia wanafunzi tu, mwalimu."

"Na huyo mwanafunzi kazaliwa na nani? Ingia bwana, kahawa inapoa."

Viti havikutosha, wakaburuta benchi kutoka ukumbini. Akakaa baba, akakaa mama, akakaa bibi mzaa baba. Kwa kuwa sheria hairuhusu alama za mwanafunzi kuonyeshwa bila ridhaa yake, Doña Amparo alizima kompyuta. Wakazungumza yale ambayo hakuna sheria inayoyaficha: Nereida atalala wapi, chumba kimoja na nani, chakula kikoje, basi la kurudi nyumbani linapita siku zipi.

Don Fidencio alisikiliza hadi mwisho. "Mimi shule sijaikataa," alisema. "Nimeambiwa anaondoka. Anakokwenda sikuambiwa. Mtoto hatoki kwangu kama aliyefukuzwa."

"Ebo! Na wewe ulipokuja huku," mkewe akamrukia, "mama yako alijua unakokwenda?"

"Sikujua," bibi akajibu. "Ndiyo maana leo nauliza: huko blanketi wanatoa, au tubebe?"

Nereida alithibitisha nafasi yake kesho yake. Agosti, safarini kuelekea pwani, familia ilipitia kwanza ofisini, na hapo kwenye benchi baba akamchora msalaba kwenye paji la uso, kama wazazi wa bonde hili wanavyomwombea baraka mtoto anayetoka nyumbani. Leo Nereida anafundisha biolojia kaskazini.

Benchi halikurudishwa ukumbini. Ofisi ilianza kufunguliwa Jumamosi, siku ambayo wengi hawako shambani. Jioni ya wazazi ilihamishiwa Januari, na ukumbi ukajaa. Mkuu wa chuo alihofia siri za wanafunzi, na hofu hiyo ilikuwa na msingi: wapo wasiotaka jamaa zao wasikie. Kwa hiyo Doña Amparo alikuwa akimuuliza mwanafunzi mlangoni, faragha, kama aingie peke yake au na watu wake. Aliyetaka peke yake aliingia peke yake.

Haki inadai pia isemwe kwamba hakuwahi kufika kikaoni kwa wakati, na kwamba aliegesha gari penye kivuli, kibao kiseme kivuli ni cha nani au kisiseme.

Sasa chuo kinataka miadi yote ipangwe kwa mtandao, mwanafunzi mmoja mmoja, na mrithi wake, kijana Efraín Quiñones, amefunzwa hivyo. Alhamisi iliyopita Don Fidencio, mvi tupu, alikuja na mjukuu wake Yaretzi. Doña Amparo alikuwa pembeni akifunga vikombe kwa magazeti. Efraín alimwomba mzee, kwa heshima zote, asubiri nje.

"Nje wapi, mwanangu?" mzee alisema, akikaa. "Mimi nakaa hapa."

Efraín akamwita Yaretzi mlangoni, akamuuliza kwa sauti ya chini kama babu yake abaki. Binti akaitikia kwa kichwa. Kijana akarudi, akazima kompyuta, akauliza nani anakunywa kahawa.

 Doña Amparo alikifungua kikombe alichokuwa amekifunga, akakirudisha mezani.

Jana mkuu wa chuo, baada ya kusikia hayo, aliliondoa benchi kwenye ajenda. Linabaki.

Doña Amparo, tunakushukuru. Upumzike kwa afya, penye kivuli unachokipenda, na kila akujiaye mlangoni aje na watu wake wote.